Nani Aliwahesabu?

Kila jioni, jua likishashuka kwenye miombo, Luhende alisimama upande wa kulia wa mlango wa zizi, binti yake Kabula akasimama upande wa kushoto, na ng'ombe wakapita katikati yao. Hawakusemezana wala hawakuhesabu. Luhende aliangalia migongo na mapaja, Kabula aliangalia pembe na mwendo. Wa mwisho akishaingia, baba aliuliza neno moja tu: "Wapo?" Kabula akajibu, "Wapo." Au siku nyingine, "Yule mwekundu mwenye sikio lililochanika hayupo," na mmoja wa kaka zake akarudi porini kumtafuta. Walifanya hivyo tangu Kabula alipomaliza darasa la saba, mwaka juzi, na hawakuwahi kukosea.

Jioni ile ng'ombe walikuwa bado wanaingia kengele ya baiskeli ilipolia nyuma yao. Mitamba watatu wakashtuka, wakageuka na kutimka kuelekea shamba la mahindi.

"Katekista!" Luhende alifoka. "Huwezi kusubiri watu wafunge zizi?"

"Nisamehe, mzee, breki hazishiki," alisema Katekista Celestin, akiizuia baiskeli kwa kuburuza viatu ardhini. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia ya pama na haraka isiyokwisha. "Nimekuja kwa ajili ya huyu binti. Semina ya walezi wa kambi inaanza kesho asubuhi, pale shuleni ng'ambo ya mto. Msichana tuliyemteua ameondoka kwenda Sumbawanga kwa shangazi yake. Nafasi imebaki moja."

Kabula alikuwa ameshaanza kukimbia kuwafuata mitamba. Alisimama.

"Kambi ya nini?" Luhende aliuliza.

"Ya watoto wa parokia, likizo hii ya Juni. Watatoka Inyonga, watatoka Sibwesa, wengine hapa hapa Magamba. Walezi wanafundishwa siku nne, kisha wanakaa na watoto wiki moja. Na atakayefanya vizuri," katekista akapunguza sauti kama anayetoa siri, "atapewa darasa la chekechea la kigango kuanzia Januari. Posho ipo. Ndogo, lakini ipo."

Kabula alitazama chini. Katika darasa lao walimaliza watoto thelathini na nane, na waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa wawili, wote wavulana. Tangu wakati huo hakuna mtu aliyewahi kufika pale nyumbani na neno lenye "Januari" ndani yake kwa ajili yake.

"Akienda, hapa mlangoni atasimama nani?" Luhende aliuliza.

"Nitasimama mimi," ilijibu sauti kutoka jikoni. Romana, mama yake Kabula, alitoka akijifuta mikono kwenye kanga. "Mimi pia nina macho."

Luhende alirudishia miti miwili ya mlango, kisha akamgeukia binti yake. "Nenda. Lakini hao ni watoto wa watu, mayu, mama yangu. Usije uka..."

Hakumaliza sentensi. Kabula alijua inavyoishia. Aliitikia kwa kichwa, akakimbilia mitamba.

Mwalimu wa semina aliitwa Pelagia. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amesomea ualimu, na alivaa filimbi shingoni hata wakati wa sala. Walezi walimwita Dada Pelagia. Aliwafundisha kupika uji wa watoto arobaini bila kuuunguza, kufunga jeraha, kuimba nyimbo za ishara, na kusimulia habari za Danieli na simba bila kuwatia hofu watoto wanaotoka vijiji ambako simba kweli yupo. Juu ya yote aliwafundisha kuhesabu.

"Mlangoni, mnahesabu. Mtoni, mnahesabu. Mezani, mnahesabu. Kabla ya kulala, mnahesabu, na mnaandika kwenye daftari. Kidole kichwani, moja, mbili, tatu. Sitaki mtu aniambie, 'Nadhani wapo.' Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Dada Pelagia!" walezi walijibu. Kabula alifungua mdomo pamoja nao, ila sauti haikutoka.

Alikuwa amefika na blanketi lililofungwa kwa kamba ya katani na kandambili mbili zisizofanana, moja ya bluu na moja ya kijani. Nguo zake zilinukia moshi na samli. Walezi wengine walikuwa watatu, na aliyejulikana kuliko wote alikuwa Sylvanus wa Mpanda mjini, kijana mwenye suruali ya michezo yenye mistari ubavuni na redio ndogo ya betri.

"Mambo, binti wa zizini!" alimwambia siku ya kwanza.

"Salama."

"Haijibiwi salama! Inajibiwa poa."

"Poa," alisema Kabula taratibu, na wote wakacheka, hata yeye akacheka kidogo.

Watoto walipofika, wakiwa juu ya lori na vumbi hadi kwenye kope, Kabula alipewa kumi na mmoja. Ilichukua siku moja tu kundi lake likawa tulivu kuliko mengine. Alitoa funza kwa pini bila mtoto kulia. Alijua nani anaamka amelowa, akamtoa nje kabla wenzake hawajaona. Usiku alipita kati ya mikeka, akamtazama mmoja mmoja, akajua wapo. Kisha alikaa kwenye taa ya chemli, akafungua daftari, na pale penye neno "Idadi" akaandika kumi na moja, kama alivyoandika jana yake.

Alhamisi jioni Dada Pelagia alikusanya madaftari. Alikuwa akiyapitia mezani, walezi wote wakiwa wamekaa, alipoacha kufunua kurasa.

"Kabula. Jana usiku ulikuwa na watoto wangapi?"

Kabula alisimama. "Wapo wote, dada."

"Sijauliza kama wapo. Wangapi?"

Pelagia aliweka kidole kwenye ukurasa.

"Umeandika kumi na moja. Jana usiku Libérate alilala zahanati na homa yake. Umeandika kumi na moja hapa, na saini yako hii. Ulihesabu?"

"Nilijua Libérate yupo zahanati. Mimi ndiye niliyembeba."

"Ulihesabu?"

"Hapana."

"Na juzi?"

"Hapana, dada."

"Kwa hiyo hizi namba zote umejiandikia tu."

Sylvanus alijaribu kupooza mambo. "Dada, kwao wamezoea kuhesabu ng'ombe. Hawa hawana mikia, hesabu zimempotea!" Mezani wakacheka. Hakuwa na nia mbaya, na alipoona uso wa Kabula alijutia, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka na hakuna aliyeweza kukirudisha.

"Nieleze sababu, nitakusikiliza," alisema Pelagia, na alimaanisha.

Kabula alitazama kandambili zake, ya bluu na ya kijani. Sababu ilikuwepo. Mwaka wa themanini na nane, alipokuwa na miaka minane, akiwa darasa la kwanza, karani wa sensa alifika nyumbani baba akiwa machungani. Mama alikuwa kisimani. Karani aliuliza nyumba hii ina watoto wangapi, na Kabula, ambaye wiki ile ndiyo alikuwa amejua kuhesabu hadi ishirini, aliwapanga ndugu zake ukutani, akawagusa vichwa kwa kidole mmoja baada ya mwingine kwa sauti ya darasani. Saba. Wa saba alikuwa Stanslaus, wa miaka miwili, aliyecheka alipoguswa. Karani alimsifu, akaandika namba mlangoni kwa chaki. Baada ya majuma mawili Stanslaus akafa kwa homa. Siku ya maziko Luhende alisimama mbele ya ile chaki, akauliza watu wote waliokuwa ndani, "Nani aliwahesabu?" Wazee walikuwa wakisema anayehesabiwa huitwa na kifo. Hakuuliza tena, na tangu siku hiyo nyumbani kwao hakuna kilichohesabiwa kikiwa na pumzi.

Jambo kama hilo huwezi kulisema mbele ya watu wanaokucheka. Kabula alisema, "Sina sababu, dada."

Pelagia alifunga daftari. Alikuwa amechoka, na watoto arobaini na watatu wa watu walikuwa shingoni mwake pamoja na filimbi. "Basi nitamwandikia mzazi wako. Aje Jumamosi tuzungumze. Mpaka hapo utasaidia jikoni, kundi lako nitalichukua mimi. Na darasa la chekechea, Kabula, siwezi kumpendekeza mtu anayeandika asichokiona."

Barua ilifika kwa baiskeli ile ile isiyo na breki. Celestin aliisoma amesimama, huku Luhende ameketi kwenye kigoda na Romana akichambua mchicha.

"'...ameandika idadi ya uongo kwa siku mfululizo,'" katekista alisoma, na hapo sauti yake ikapungua. "Ndivyo ilivyoandikwa, mzee."

"Uongo?" Luhende alisema. "Mwanangu mimi?"

"Ndivyo ilivyo..."

"Nimesikia."

Celestin alikunywa maziwa aliyopewa, akaaga haraka kuliko kawaida yake. Romana aliendelea na mchicha mpaka baiskeli iliposikika mbali.

"Unajua kwa nini hakuhesabu," alisema.

"Sijui."

"Baba Kabula. Unajua."

Luhende alisimama, akaenda kwenye banda la ndama ambako hapakuwa na kazi yoyote. Romana hakumfuata. Miaka minane alikuwa akingoja mume wake aseme jambo fulani, na alikuwa amegundua kuwa kumfuata hakusaidii.

Jumamosi Luhende aliondoka alfajiri na kibuyu cha maziwa mgando begani. Alikuwa amevaa koti lake la maziko na harusi. Shuleni aliambiwa Dada Pelagia amewapeleka watoto mtoni kuoga, akae kwenye benchi nje ya ofisi. Alikaa. Walezi wawili walipita, wakamsalimia shikamoo, wakatazama kibuyu, wakatazamana. Baada ya saa nzima Kabula alitoka jikoni na beseni la mihogo iliyochemshwa, akamwona, akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda."

"Sijakonda. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anasimama zizini. Juzi alimwacha dume nje, anasema alidhani ni kivuli."

Kabula alitaka kucheka na kulia, akafanya vyote kidogo. Ndipo nyimbo zikasikika kutoka njia ya mtoni. Watoto walikuwa wanarudi katika mstari mmoja, nywele zimelowa, Pelagia mbele na Sylvanus nyuma. Luhende aliinuka kwa heshima, akasogea karibu na geti kumpokea mwalimu, akajikuta upande wa kulia. Kabula na beseni lake alikuwa upande wa kushoto. Watoto wakapita katikati yao.

Pelagia alisimama ndani ya geti, kidole hewani, midomo ikicheza. "Arobaini na moja, mbili, tatu. Arobaini na watatu! Kama kule mtoni. Haya, mikono, kisha mihogo."

Luhende alikuwa ameshamwangalia wa mwisho akiingia. Bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka, aliuliza, "Wapo?"

"Hapana," alisema Kabula. "Mmoja hayupo."

"Yupi?"

"Yule mdogo wa Sibwesa. Anatembea ameshika kiwiko, huwa nyuma ya Libérate. Na kuna mmoja simjui."

"Kabula," Pelagia aligeuka, na uvumilivu ulikuwa unamwishia, "nimehesabu mara mbili. Kule arobaini na watatu, hapa arobaini na watatu. Usiongeze jambo juu ya jambo." Kisha alimwona mzee mwenye koti. "Shikamoo, baba. Samahani, nitakuja kwako sasa hivi."

"Marahaba, mwalimu. Mimi sijasoma," Luhende alisema. "Lakini huyu akisema hayupo, hayupo. Ita majina."

Labda ni jinsi alivyolisema, bila kupandisha sauti. Pelagia alichukua orodha, akaanza kuita. Watoto waliitika mmoja mmoja, wengine wakiwa na macho kwenye mihogo.

"Agape."

Hakuna aliyeitika.

"Agape! Agape wa Sibwesa!"

Libérate, aliyetoka zahanati jana yake, aligeuka nyuma. Mahali pa Agape alisimama msichana mwenye gauni la maua lililolowa, akitabasamu.

"Wewe ni nani?" Pelagia aliuliza.

"Josephina."

"Wa kundi gani?"

"Wa pale nyumba ya bati. Nilikuwa nafua mtoni. Nimekuja kula."

Hakuna aliyecheka. Pelagia alishika filimbi yake kama mtu anayeshika ukuta. Kule chini kulikuwa na vidimbwi vya kina kirefu ambavyo watu wazima wenyewe hawakuviendea peke yao. Sylvanus alikuwa ameshaanza kukimbia akipiga kelele, "Agape! Agapeee!"

"Mwambie yule kijana anyamaze," alisema Luhende. "Mtoto akiwa na hofu, ukimpigia kelele anajificha." Akamwinamia Libérate. "Mwenzako alikuwa na nini mara ya mwisho?"

"Kandambili yake moja ilibaki," Libérate alinong'ona. "Ni za dada yake. Alisema akirudi na moja atapigwa."

"Alirudi kuifuata kabla hamjapanga mstari?"

"Ndiyo. Alisema nisiseme."

Kabula aliweka beseni chini, akatangulia. Baba yake alimfuata, Pelagia nyuma yao, viatu mkononi. Pale walipoogea palikuwa na matope yaliyokanyagwa na miguu mingi, lakini pembeni Kabula aliona alichokuwa akikitafuta: mguu mtupu, kandambili, mguu mtupu, kandambili. Nyayo hazikwenda kwenye vidimbwi. Zilipanda mkondo hadi kwenye jiwe la kufulia, na kutoka hapo miguu yote miwili ilikuwa imevaa.

"Amezipata zote," alisema Kabula.

"Mbona hakurudi?" Pelagia aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Jibu lilikuwa mita mia moja mbele. Ng'ombe wa mtu, kama thelathini hivi, walikuwa wamekuja kunywa na kutawanyika njiani, na katikati yao, juu ya kichuguu, alisimama Agape ameshika kiwiko. Hakuwa akilia. Alikuwa amekauka kama mti, huku dume moja likilamba ukingo wa gauni lake.

Luhende alipiga mluzi mfupi, laini. Dume likageuza kichwa, likaondoka, wengine wakalifuata kana kwamba walikuwa wamesubiri ruhusa. Kabula alipanda kichuguu, akamchukua mtoto mgongoni.

"Wanauma?" Agape aliuliza.

"Hawaumi. Wanapenda chumvi. Ulikuwa na jasho la woga."

"Mlijuaje sipo?"

Kabula alifikiri. "Nilikuona hupo," alisema.

Agape alionekana kuridhika na jibu hilo. Pelagia alikuwa amekaa chini kwenye majani, akicheka na kufuta machozi kwa mkono wenye viatu. "Ng'ombe," alisema. "Mungu wangu, ni ng'ombe tu." Na Luhende, ambaye hakuwa amecheka tangu barua ifike, alicheka pia, kicheko kikubwa kilichowafanya ng'ombe wale wasimame na kutazama.

Mihogo ililiwa kwa maziwa ya Luhende, kila mtoto kikombe nusu, na Josephina wa nyumba ya bati akapewa chake. Sylvanus alikwenda jikoni, akakaa karibu na Kabula akimenya mihogo ambayo hakuna aliyemwomba aimenye.

"Ile ya mikia," alisema. "Nilikosea, dada."

"Umesema dada?"

"Nimesema dada."

"Poa," alisema Kabula.

Baadaye Pelagia aliwaita ofisini, baba na binti. Alikuwa amenawa uso na filimbi ilikuwa mezani. Alimpa mzee kiti chenye egemeo, yeye akakaa kwenye kibao.

"Baba, nilikuita nikushtakie. Sasa nina aibu. Leo ningewalaza watoto nikiwa na namba sahihi na mtoto yuko porini." Akamgeukia Kabula. "Lakini sitakudanganya. Jumatano uliandika kumi na moja. Bweni lingewaka moto usiku ule, watu wangeingia kumtafuta Libérate ndani ya moto, wakati yuko zahanati. Umelifikiria hilo?"

Kabula hakuwa amelifikiria. Lilimwingia taratibu, akaweka mkono mdomoni.

"Macho yako nayahitaji," Pelagia aliendelea. "Nayahitaji sana, na chekechea inayahitaji. Ila na namba nazihitaji. Nikikurudishia kundi lako jioni hii, utahesabu?"

Nje watoto walikuwa wanaimba wimbo wa ishara, wakikosea mikono. Kabula alitaka kusema ndiyo. Januari ilikuwa pale mezani, karibu na filimbi. Alifungua mdomo, kidole chake kikakumbuka nywele laini za mtoto wa miaka miwili anayecheka, naye akakikunja.

"Alihesabu zamani," Luhende alisema ghafla. "Mara moja. Alikuwa wa hivi." Akaonyesha kwa mkono kimo cha meza.

Kabula aligeuka. Hakuwahi kumwambia. "Baba, ulijua?"

"Mtu pekee aliyejua namba pale nyumbani ulikuwa wewe. Ningekosaje kujua?" Alivua kofia yake, akaiweka gotini, akaizungusha. "Mwalimu, mwanangu alikufa. Stanslaus. Nikauliza mbele ya watu, nani aliwahesabu. Niliuliza hivyo ili watu waitazame ile chaki."

"Baba, basi," Kabula alisema. "Yameisha."

"Hayajaisha. Acha niseme, mayu, nisiposema leo sitasema tena." Alikohoa. Aliongea akiitazama kofia. "Mtoto alianza homa Jumatatu. Mama yako akasema tumpeleke zahanati. Nikasema kesho, kuna ng'ombe wawili hawajarudi. Jumanne nikasema kesho. Jumatano nikasema kesho. Ng'ombe niliwapata." Kofia ikasimama. Ndipo akainua macho, akamtazama binti yake kama alivyomtazama mara chache sana, bila zizi katikati yao. "Si kidole chako, Kabula. Ni mimi nilichelewa. Nenda kahesabu watoto, mayu, na uhesabu kwa sauti."